Umeme wa Rufiji Hauulizi Njia

Machi 2025, Serikali ilipoeleza kwamba Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, Dar es Salaam nzima iligeuka kijiwe kimoja. Hoja ya wengi ilikuwa nyepesi: tumejenga bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi mapema mwaka 2024, iweje sasa twende kununua kwa jirani wa jirani? Jibu lililotolewa ni kwamba umeme unaosafiri kutoka huku kwetu hadi Kilimanjaro na Arusha hupotea mno njiani. Wengi walilipokea jibu hilo kama kisingizio. Kwa maoni yangu lilikuwa jibu la kweli lililokatishwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayovutia zaidi, kwa sababu inahusu swali ambalo ni nadra kuulizwa hadharani: ni nani anayeamua umeme upite njia gani, na je, unaweza kuamriwa?

Tuanze na ramani. Umeme wa Rufiji hupanda kwanza kwenye njia ya msongo wa kilovoti 400 hadi kituo cha kupoza umeme cha Chalinze, mwendo wa kilomita 160 hivi. Kutoka hapo kuna njia mbili za kufika kaskazini. Ya kwanza ni ile ya zamani ya kilovoti 132, inayopita Hale, Same na Moshi hadi Arusha. Ya pili ni mzunguko mrefu unaokwenda Morogoro, Kidatu, Iringa, Dodoma na Singida, kisha hugeuka kupitia Babati na kuingia Arusha kwa upande wa pili. Njia ya kwanza ni fupi lakini nyembamba. Ya pili ina msongo mkubwa zaidi lakini inazunguka karibu nusu ya nchi.

Wembamba wa njia ya kwanza unapimika kwa hesabu ndogo. Megawati 100 zikisafirishwa kwa kilovoti 132 huhitaji mkondo wa takriban ampea 440 katika kila waya. Megawati hizohizo kwa kilovoti 400 huhitaji ampea 145 tu. Joto linalopotea kwenye waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo waya uleule, kwa mzigo uleule, hupoteza mara 9 zaidi kwenye msongo mdogo. Hiyo ndiyo hasara iliyosemwa. Lakini hata kama waya usingepoteza chochote, bado kungekuwa na kikomo cha umeme unaoweza kupenya njia ndefu, na bado umeme usingegawanyika kati ya njia hizo mbili kwa namna tunayoitaka sisi.

Nguvu tatu zinazoamua mwendo

Umeme wa gridi ni wa mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Katika umeme wa aina hii, nguvu inayopita kati ya vituo viwili hutegemea mambo matatu. La kwanza ni msongo wa kila upande. La pili ni reaktansi ya njia, nao ni ubishi ambao waya mrefu huuweka dhidi ya mkondo unaobadilika-badilika, kwa sababu ya usumaku unaojijenga na kubomoka kuuzunguka. Ubishi huo huongezeka kadiri njia inavyorefuka. La tatu ni tofauti ya pembe kati ya vituo hivyo, na hili ndilo linalohitaji subira kidogo.

Chukua kipande kirefu cha tyubu ya baiskeli, kama zile ambazo wabeba mizigo wa Kariakoo hukata kufungia mabelo. Watu wawili washike ncha mbili, waunyooshe, kisha mmoja auzungushe mpira na mwingine, mwenye kazi nzito mkononi mwake, azungushwe nao. Wote watazunguka kwa mwendo mmoja, lakini anayesukuma atakuwa mbele kidogo ya anayevutwa, na mpira katikati utasokotwa. Msokoto huo ndio unaobeba nguvu. Mzigo ukizidi, msokoto huongezeka, na kuna mahali ambapo kuusokota zaidi hakuleti nguvu zaidi bali huipunguza: anayevutwa huachwa, mpira huruka, na mwendo wa pamoja huvunjika. Kwenye gridi mahali hapo ni digrii 90. Mitambo ya Rufiji ndiyo inayosukuma, pembe yake iko mbele. Viwanda na majumba ya Arusha ndiyo yanayovutwa. Kwa kuwa hakuna mwendeshaji mwenye akili timamu anayekaa ukingoni, njia ndefu huendeshwa kwa pembe ndogo zaidi. Kwa digrii 30, kwa mfano, unapitisha nusu tu ya kile ambacho njia ingeweza kupitisha kinadharia.

Kwa lugha ya hesabu: zidisha misongo ya pande mbili, gawanya kwa reaktansi, kisha zidisha kwa saini (sine) ya pembe. Hesabu hii ndogo ndiyo mama wa mitambo yote itakayotajwa hapa chini, kwa sababu msongo, reaktansi na pembe ni kama mikono mitatu ya mashine, na kila mtambo umebuniwa ili kushika mmoja kati ya hiyo mitatu na kuugeuza.

Sasa njoo kwenye mgawanyo. Maji ya masika yanapofika bonde la Jangwani hayachagui mfereji mmoja. Yanaingia katika yote kwa wakati mmoja, mpana kwa upana wake na mwembamba kwa wembamba wake. Umeme nao ni hivyo. Chukua vituo vitatu, A, B na C, vilivyounganishwa kama pembetatu kwa njia tatu zinazofanana, kila moja ikimudu megawati 180. Mitambo iko A, walaji wako B. Umeme una njia ya moja kwa moja na njia ya kuzungukia C, ambayo ina reaktansi maradufu, kwa hiyo theluthi mbili hupita ya moja kwa moja na theluthi moja huzunguka. Ukituma megawati 270, njia ya moja kwa moja inabeba 180 na imejaa. Ile ya kuzunguka inabeba 90 na imebaki nusu tupu. Mwanasiasa atauliza kwa nini usijaze ile tupu. Jibu ni kwamba huwezi: kila megawati unayoongeza itapeleka theluthi zake mbili kulekule kulikojaa. Gridi yenye uwezo wa megawati 360 kwenye karatasi inakoma kwenye 270.

Lakini punguza reaktansi ya ile njia ya kuzunguka kwa nusu, na mara moja njia zote mbili zinalingana, kila moja inabeba 180, na umepata megawati 90 bila kusimamisha mnara hata mmoja wala kumlipa mtu fidia ya shamba. Hapo ndipo elektroniki inapoingia.

Kutoka kwa fundi wa mageti hadi kwenye gridi

Kabla ya kupanda kwenye minara, tupite uchochoroni. Atakayekaa jirani na fundi wa kuchomelea mageti, na Manzese na Buguruni wamejaa, ameshaona jambo hili mara nyingi bila kulipa jina. Fundi anagusa chuma, cheche zinaruka, na papo hapo taa ya duka la pili inafifia, feni ya kinyozi inalegea. Akiinua mkono, taa inarudi. Tena na tena, mchana kutwa. Sehemu ya kinachotokea ni mzigo wa kawaida: mashine inavuta mkondo mwingi ili kuyeyusha chuma. Sehemu nyingine ni ya kificho zaidi. Transfoma iliyomo ndani ya mashine ile hukopa nguvu kutoka kwenye laini ili kujenga usumaku, na kuirudisha, mara 100 kwa kila sekunde. Nguvu hii ya kwenda na kurudi haichomelei geti wala haizungushi chochote, wala mita ya LUKU haiihesabu kama uniti, lakini nyaya lazima ziibebe kila inapokwenda na inaporudi, na kuibeba huko ndiko kunakovuta msongo chini. Wataalamu huipima kwa vari, na kwenye gridi kwa megavari.

Dawa yake ni kapasita, kifaa cha kutunza chaji, ambayo tabia yake ni kinyume cha koili, yaani waya uliozungushwa kama ule wa transfoma: wakati koili inakopa, kapasita inalipa. Ukiiweka kapasita karibu na anayekopa, mkopo huo hauhitaji tena kusafiri. Shida ni kwamba fundi hachomelei kwa ratiba. Kapasita iliyofungwa moja kwa moja itainua msongo kupita kiasi pale anapoinua mkono, na swichi ya kawaida ya kuiingiza na kuitoa ni ya chuma, ina mkono unaosogea, inachakaa. Sikiliza stabilaiza ya friji usiku umeme unapoyumba: ule mlio wa tak, tak ni swichi ndogo za chuma zikibadilishana zamu. Swichi kubwa za gridi huchukua sehemu ya kumi ya sekunde au pungufu kidogo kukamilisha kazi, jambo ambalo si baya, lakini hazikuumbwa kufanya hivyo mara elfu kwa siku.

Kiwandani, fundi huyu huwa na ukubwa wa tanuri la kuyeyushia chuma chakavu kwa cheche, lenye kuvuta makumi ya megawati kwa pigo lisilotabirika, na kufifia kwa taa hakuishii kwenye duka la pili bali huenea mji mzima. Ni kwa ajili ya matanuri hayo ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulitengenezwa kifidia tuli: kapasita na koili zinazoongozwa na swichi isiyo na kiungo chochote kinachosogea. Kabla muongo haujaisha, mtambo huohuo ulikuwa umehamishiwa kwenye njia za kusafirisha umeme, kwanza Nebraska na Minnesota nchini Marekani.

Swichi hiyo ni thairista, iliyotolewa na kampuni ya General Electric mwaka 1957. Iliyo kubwa ni kisahani cha silikoni chenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 15, chembamba kuliko sarafu, kilichobanwa kati ya vipande viwili vya shaba kama chapati katikati ya sahani. Kinazuia maelfu ya volti, na kikipewa ishara ndogo, mara nyingi mwali wa mwanga kupitia uzi wa kioo, kinafunguka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde na kupitisha maelfu ya ampea. Kwa kuwa kisahani kimoja hakiwezi kuhimili msongo wa gridi, vinapangwa vingi kimoja juu ya kingine hadi kuwa mnara, na katikati yake hupitishwa maji ya kupoza. Maji hayo lazima yaondolewe chumvi zote ili yasipitishe umeme. Wakazi wa Dar es Salaam, ambao maji ya visima vyetu huacha ukungu mweupe kwenye kila birika, tutaelewa upesi kwamba kiwanda kidogo cha kusafisha maji ni sehemu ya mtambo, si nyongeza.

Thairista ina kasoro moja: ukishaiwasha, huwezi kuizima. Inajizima yenyewe mkondo unapofika sifuri, jambo ambalo kwa mkondo geu wa mizunguko 50 hutokea kila baada ya milisekunde 10. Kwa hiyo kifidia tuli hujibu ndani ya mzunguko mmoja au miwili. Kasoro yake ya pili ni ya kapasita zenyewe: nguvu ya kapasita hufuata kipeo cha pili cha msongo. Msongo ukishuka hadi asilimia 80, msaada unashuka hadi asilimia 64. Yaani unapohitajika zaidi ndipo unapopungua.

Kizazi kilichofuata kilitumia swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa amri wakati wowote. Kwa swichi hizo unaweza kuchukua kapasita ndogo yenye umeme wa mkondo mnyoofu, yaani usiobadili mwelekeo, na kuichonga kuwa wimbi la mkondo geu, kwa ukubwa na wakati unaoutaka, bila kutegemea mapipa makubwa ya kapasita wala koili. Mtambo huu huitwa statikomu, na wa mfano mkubwa wa Marekani, wenye uwezo wa kutoa au kunyonya megavari 100, uliwekwa katika kituo cha Sullivan, Tennessee, mwaka 1995. Msongo ukishuka hadi asilimia 80, wenyewe bado unatoa asilimia 80. Tofauti ya 64 na 80 inaonekana ndogo kwenye karatasi; usiku ambao gridi inaporomoka, inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuporomoka na kusimama.

Jina la jumla la familia hii lilitolewa na mhandisi Narain Hingorani mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa katika taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani: mifumo nyumbufu ya usafirishaji wa mkondo geu, inayojulikana duniani kwa kifupisho FACTS. Neno nyumbufu ndilo kiini chake. Gridi ya kale ilikuwa kama nyumba ya zege: ikishamwagwa, imemwagwa.

Vifidia tuli na statikomu hushika mkono wa kwanza wa ile hesabu yetu, yaani msongo. Mkono wa pili, reaktansi, hushikwa na kapasita inayofungwa ndani ya njia yenyewe, mkondo wote ukipita katikati yake. Kapasita hiyo hufuta sehemu ya ubishi wa waya, na njia ya kilomita 400 hufanya kazi kana kwamba ina kilomita 200. Ndiyo iliyookoa pembetatu yetu. Lakini kapasita za namna hiyo zisizoongozwa zilitoa somo chungu katika kituo cha Mohave, jimbo la Nevada. Kapasita na koili za njia, zikikaa pamoja, zina mdundo wao wa asili, na mdundo huo ulikutana na mdundo wa kujisokota wa mhimili mrefu wa mtambo wa kuzalisha. Viwili vikaanza kuitikiana kama watoto wanaosukumana kwenye bembea, kila msukumo ukija kwa wakati wake barabara, hadi chuma cha mhimili kikapasuka. Ilitokea mwaka 1970, na kabla chanzo hakijaeleweka vizuri, ikatokea tena mwaka 1971.

Thairista zilipofungwa sambamba na kapasita hizo, tatizo lilipata mshenga. Kwa kuchagua ni lini hasa katika kila nusu ya mzunguko zifunguke, mwendeshaji hubadilisha ukubwa wa kapasita unaoonekana na njia, na kuuvuruga ule mwitikio kabla haujakomaa. Mitambo ya mwanzo ilijengwa Kayenta, Arizona, mwaka 1992, na Slatt, Oregon, mwaka 1993.

Mkono wa tatu, pembe, una mzee wake wa siku nyingi: transfoma ya kusogeza pembe, ambayo ni chuma na shaba tupu bila elektroniki ya nguvu, nayo ni ya polepole. Haijastaafu. Umeme wa upepo wa kaskazini mwa Ujerumani, ukiuzwa kusini mwa Ujerumani hiyohiyo, ulikuwa ukizunguka kupitia Poland na Jamhuri ya Cheki bila kuombwa ruhusa, na nchi hizo mbili zikaweka transfoma za aina hii mpakani kuurudisha nyuma. Mkataba ulisema Ujerumani kwa Ujerumani. Reaktansi ilisema vingine.

Kuna pia mtambo mmoja unaoshika mikono yote mitatu kwa pamoja, kiongozi jumuishi wa mtiririko, uliotokana na mawazo ya Laszlo Gyugyi wa Westinghouse na kujengwa mwaka 1998 katika kituo cha Inez, Kentucky. Ni statikomu mbili zilizopeana migongo, moja sambamba na njia na nyingine ndani ya njia. Kwa mhandisi ni kitu cha kupendeza kupita vyote. Kwa mhasibu ni ghali kupita vyote, na ndiyo maana duniani viko vichache mno. Siku hizi mwelekeo umegeukia vidude vidogo vya kuongezwa kimoja kimoja ndani ya njia, kama vilivyowekwa mwaka 2021 katika vituo vya Harker, Penwortham na Saltholme kaskazini mwa England, ambavyo vinaweza kufunguliwa na kuhamishwa mahitaji yakihama.

Kwetu kinahitajika nini kwanza

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kudhani kwamba tiba ya Arusha ni kufunga kapasita kwenye mzunguko wa Singida na kuendelea na shughuli nyingine. Mimi sioni hivyo. Pembetatu yetu ilikuwa ya nchi yenye njia nyingi zilizosongamana, ambako tatizo ni umeme kupita pasipotakiwa. Gridi ya Tanzania ni tofauti: ndefu, nyembamba, yenye vituo vilivyotawanyika. Kwenye gridi kama hiyo mkono wa kwanza, msongo, ndio unaotangulia.

Na msongo hausumbui kwa kushuka tu. Njia ndefu yenye mzigo mdogo hufanya jambo linalowashangaza hata wanafunzi wa uhandisi: msongo wake hupanda mwishoni kuliko mwanzoni. Waya na ardhi chini yake ni kapasita moja ndefu, na kila kilomita ya njia ya kilovoti 400 hutoa yenyewe karibu megavari 0.6. Uti wa mgongo wa gridi yetu kutoka Iringa hadi Shinyanga una kilomita 670. Ukiendeshwa kwa msongo wake kamili wa kilovoti 400, saa nane za usiku viwanda vikiwa vimelala, kila laini ya waya tatu ingekuwa inamwaga takriban megavari 400 ambazo hakuna mtu wa kuzitumia. Inabidi koili kubwa, reakta, ziwepo kuzinyonya. Asubuhi mzigo ukirudi, koili zilezile zinageuka kikwazo. Mahali ambapo usiku unahitaji kunyonya na mchana unahitaji kutoa ndipo kifidia tuli au statikomu inapostahili bei yake.

Zanzibar inaonyesha jambo hilohilo kwa udogo. Kisiwa cha Unguja hupata umeme wa bara kupitia kebo za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ya kwanza ya mwaka 1980 na ya pili, ya kilovoti 132 na megawati 100, ya mwaka 2013. Ndani ya kebo, waya hautenganishwi na ardhi kwa mita nyingi za hewa bali kwa sentimita chache za plastiki, kwa hiyo kebo ni kapasita nono: hata kwa kilovoti 132 tu inaweza kutoa karibu megavari 1 kwa kilomita, kuliko njia ya angani ya kilovoti 400. Kebo ndefu mno ya mkondo geu hujaa umeme wake yenyewe wa kwenda na kurudi hadi ikakosa nafasi ya kubeba ule wa kazi.

Mkono wa pili na wa tatu zamu yake inakuja. Njia ya kilovoti 400 kutoka Chalinze hadi Dodoma imekusudiwa kufunga pete nyingine, pamoja na njia ya Morogoro, Kidatu na Iringa. Njia ya Kenya na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida kupitia Arusha tayari imetuunganisha na kaskazini, na ile ya kwenda Zambia kupitia Iringa na Mbeya itatuunganisha na kusini. Siku hiyo Dar es Salaam, Lusaka na Nairobi zitakuwa zinazungusha mpira mmoja wa baiskeli wenye urefu wa maelfu ya kilomita, na mpira mrefu hauna tabia ya kusokotwa tu. Una tabia ya kuyumba, polepole, mara moja kwa sekunde chache, nusu ya bara ikisukumana na nusu nyingine. Mitambo hii ya elektroniki, ikipangwa vizuri, hutuliza mayumbo hayo kwa kusukuma kinyume chake. Ikipangwa vibaya huyachochea. Kwa hiyo kuinunua ndiyo sehemu rahisi. Kinachohitaji miaka ni wahandisi wanaoijua gridi nzima kwa hesabu, kuanzia chumba cha uongozi wa gridi hadi kituo cha mwisho.

Ni vyema pia kusema ambayo haifanyi. Hakuna hata mmoja kati ya mitambo hii unaozalisha megawati moja. Wala umeme unaokatika Mbagala mvua ikianza haukukatika kwa kukosa statikomu. Hayo mara nyingi ni mambo ya mtandao wa usambazaji, ya nguzo, matawi ya miti na transfoma iliyozidiwa, na fundi mwenye ngazi atayamaliza haraka kuliko profesa.

Tukirudi kwenye umeme wa Ethiopia: wale waliobishana juu yake walikuwa wakibishana juu ya umeme ambao umeshapita kwenye thairista. Kutoka Sodo hadi Suswa nchini Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, hausafiri kama mkondo geu. Unageuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa kilovoti 500, kwenye njia inayoweza kubeba megawati 2,000 na iliyoanza kazi mwaka 2022, kama ule wa Cahora Bassa unavyovuka kutoka Msumbiji hadi Afrika Kusini, na wa Inga unavyokwenda Katanga. Hapo thairista hazikai pembeni kusaidia. Kila wati inapita ndani yake. Mkondo mnyoofu hauna pembe wala reaktansi ya kuubishia, kwa hiyo mwendeshaji huandika megawati anazozitaka, na hizo ndizo zinazofika. Suswa unageuzwa kuwa mkondo geu, unapita Isinya, unavuka mpaka hadi Arusha, na tangu Suswa hakuna tena anayeuamuru. Kama siku hiyo pembe ya Singida iko nyuma ya pembe ya Arusha, sehemu yake itapitiliza hadi Singida, hata kama mkataba umeandikwa Kilimanjaro na Arusha peke yake.